Sura ya Nne: Jozi Isiyolia

Njuga zilikuwa juu ya meza, zimekunjwa kama kamba ya kisimani. Inspekta Baudelio Yocupicio hakuzigusa. Alitoa daftari kwanza, akaandika tarehe: Jumatano, 25 Julai 1984. Chini yake akaandika: Etchobampo, uani kwa Eduviges Moroyoqui, mke wa marehemu.

"Futa hilo neno la mwisho," alisema Eduviges. Alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, na kusoma alijua.

"Ndivyo jalada linavyosema, mama."

"Jalada halijalala naye miaka ishirini na sita."

Nabor Jusacamea, aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikohoa kuficha kicheko. Nabor alikuwa mchezaji wa paskola, na kazi ya mchezaji wa paskola ni kucheza na kuchekesha watu usiku kucha, hata msibani. Yeye ndiye aliyekwenda dukani asubuhi ile kumpigia Inspekta simu.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Tarehe 28 Julai mwaka uliopita, Anselmo Bacasegua, mchezaji mkubwa kuliko wote wa upande ule wa mto Mayo na fundi wa njuga, alipanda milimani peke yake kutazama viwavi. Jioni yake mvua kubwa ilinyesha juu na korongo likafurika. Siku ya pili shati lake lilikutwa limenasa kwenye waya wa ranchi moja huko bondeni, mikono yote miwili ina madoa mekundu yaliyoiva. Askari waliolichukua waliandika kwamba aliuawa na mnyama au alianguka, na mwili ukachukuliwa na maji. Inspekta alikuwa na mshipa wa ngiri wiki ile. Hakuliandika yeye.

Jumamosi mwaka ungetimia. Wachezaji watatu wangecheza mpaka kukuche, supu ya nyama na dengu ingeiva kwenye sufuria kubwa, na alfajiri Eduviges angevuliwa nguo nyeusi mbele ya watu. Baada ya hapo Anselmo angekuwa miongoni mwa wafu, na hakuna mtu ambaye angemtafuta tena. Ng'ombe alikuwa tayari amefungwa nyuma ya nyumba.

"Eleza toka mwanzo," Inspekta alimwambia Nabor.

"Njuga zangu zimechakaa. Siwezi kucheza mwaka wa maestro Anselmo na njuga zinazolia kama maharage kwenye kopo. Jumatatu nikaenda mjini Navojoa, dukani kwa Tiburcio Esquer. Mwenyewe hayupo, nikamkuta mkewe. Akanitolea hizi. Leo asubuhi nimekuja kuzijaribu hapa uani. Nimecheza kidogo tu, hata jasho halijatoka. Mama akatoka jikoni na mwiko. Akasema: simama. Rudia mguu wa kushoto. Nikarudia. Akasema: vua." Nabor alifungua mikono. "Mimi wanawake huniambia vua, Inspekta, lakini si kwa sauti ile."

"Jozi ya mwisho hailii," alisema Eduviges.

Inspekta aliukunjua uzi. Ulikuwa mrefu, wa kuzungushwa mguuni toka kifundo hadi karibu na goti. Vifukofuko vya nondo vilifungwa viwili viwili, vya rangi ya fedha, kila kimoja kimepasuliwa ubavuni, buu limetolewa, na ndani vimetiwa vijiwe. Jozi ya mwisho haikupasuliwa.

"Hiyo ni yangu," alisema Eduviges. "Toka tulipooana. Yeye anamaliza zote, ya mwisho ananiletea nzima. Mimi naipasua, mimi naitia mawe. Hakuna mtu aliyewahi kuambiwa hilo. Ni la nyumbani."

"Fundi mwingine anaweza kuchoka akaacha jozi moja."

"Aliyechoka haifungi. Hii imefungwa. Tazama fundo."

"Fundo linaweza kuigwa, mama."

Aliandika: fundo, si ushahidi. Kisha alichukua kifukofuko kimoja cha katikati, akakigeuza juu ya sahani. Vikatoka vijiwe saba, vyote karibu sawa, kila kimoja kama mbegu ya mtama. Mafundi wote wa njuga hawaokoti mawe ovyo. Huyachukua kwenye mashimo ya sisimizi wekundu, kwa sababu sisimizi hubeba ukubwa mmoja tu na kuyapanga mlangoni mwao. Kando ya mlango wa jikoni kwa Eduviges palikuwa na shimo kama hilo. Alama za ufagio zilionyesha kwamba kila siku alifagia kwa kulizunguka. Vijiwe vya shimo lile vilikuwa vyeupe na vya kijivu. Vile vya kwenye sahani vilikuwa vya kijani.

Inspekta aliandika rangi. Akashika jozi ya mwisho. Kifukofuko kimoja kilikuwa chepesi, kimekauka. Cha pili kilikuwa kizito. Alikifunika kwa viganja, akasubiri. Nabor alifungua mdomo kusema kitu, Eduviges akamnyooshea mwiko.

Ndani ya viganja kitu kiligeuka, kikatulia.

"Mwaka jana mvua zilianza lini hapa?" Inspekta aliuliza.

"Siku ya Mtakatifu Yohana," alisema Nabor. "Tarehe ishirini na nne Juni, kama inavyotakiwa. Mwaka huu ndiyo zimetusahau."

"Kwa hiyo kufikia mwisho wa Julai nondo wote walikuwa wametoka."

"Wote. Mitini yalibaki maganda yenye matundu."

"Na viwavi wapya husokota lini?"

"Mwezi wa tisa. Wa kumi, wakichelewa."

Inspekta aliandika, akapiga mstari chini yake. Kama mdudu aliye mkononi alisokota mwezi wa tisa, mtu aliyekifunga kifukofuko chake kwenye uzi ule alikuwa hai miezi miwili baada ya gharika. Hakulisema. Aliomba aletewe shati.

Eduviges alilitoa kwenye sanduku, ndani ya karatasi. Tope la korongo lilikuwa bado mifukoni.

"Hukulifua."

"Ningelifua, ningebaki na nini?"

"Shati hili lilikaa kwenye maji yanayokimbia usiku mmoja na mchana mmoja. Tope limeingia hadi kwenye mshono. Lakini madoa hayajapauka hata kidogo. Damu mbichi, mama, kwenye maji baridi yanayokimbia, inakuwaje?"

Eduviges alikaa kwenye benchi. Alikuwa amefua nguo za wanaume watano kwa miaka thelathini.

"Inatoka," alisema. Akaupindua mkono wa shati, akasugua doa kwa kidole gumba. "Huu ni utomvu wa sangregado. Ukikuingia kwenye nguo hautoki mpaka nguo iishe. Mti ambao viwavi hula majani yake." Aliulaza mkono wa shati mapajani. "Ningelichovya mara moja tu ningejua."

"Ndiyo," alisema Inspekta, akafunga daftari.

* * *

Tiburcio Esquer aliuza kofia, tandiko, vinyago vya ngoma na chochote alichoweza kukishusha milimani kwa nyumbu wake. Alimwona Inspekta toka mbali.

"Inspekta! Leo umekuja kununua au kunitia hofu?"

"Kuuliza."

"Kuuliza ni bure, ndiyo maana wewe ni mteja wangu wa kudumu."

Inspekta aliweka njuga juu ya meza ya duka. Tiburcio alizitazama, kisha akamtazama mkewe, ambaye alikumbuka kazi nyuma ya pazia.

"Ulizipata wapi?"

"Hizo? Pwani. Mzee mmoja, ameshakufa, Mungu amrehemu. Zimekaa ghalani miaka mitano. Au sita."

Inspekta alimwaga vijiwe saba kwenye ukingo wa kofia. "Sisimizi wa pwani huokota mawe ya kijani?"

"Mimi nitajuaje? Sijawahi kuishi nao."

"Haya ni mawe ya shaba. Upande huu wa mto najua mahali pamoja tu ambapo yametapakaa chini: kifusi cha mgodi wa La Verdosa. Uliachwa kabla sijazaliwa."

"Basi mzee alikuwa mtembezi."

"Nipe mkono wako. Huo wa kulia. Fungua."

Tiburcio alifungua, akicheka bado. Inspekta aliweka kifukofuko kizito katikati ya kiganja, akausogeza mkono uingie kwenye jua.

"Sasa?"

"Subiri."

Mwuza ndimu alipita, akarudi. Mara Tiburcio akashtuka, nusura akiangushe.

"Kinacheza!"

"Kina buu hai. Nondo wa vioo vinne husokota vuli, hutoka mvua ya kwanza ya mwaka unaofuata. Mmoja mmoja hulala mpaka mwaka wa pili. Wa mwaka wa tano hayupo, na wa sita hayupo. Nani alikupa?"

Tiburcio alikirudisha kifukofuko mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika yai la mwenzake.

"Tiburcio. Jumamosi kuna ng'ombe wa kuchinjwa."

"Mguu wake haufai tena," alisema Tiburcio kwa sauti ndogo. "Hata angerudi, angefanya nini? Mchezaji bila mguu."

"Yuko La Verdosa."

"Kwa bibi Remigia, yule wa mbuzi. Alitumbukia kwenye shimo la mgodi usiku wa gharika. Bibi alimvuta kwa kamba. Mwezi wa tatu akanipa hizo. Akasema: mpelekee mke wangu, ataelewa mwenyewe. Nilikuwa nampelekea, Inspekta, naapa. Njiani nikafikiri."

"Ukafikiri miezi minne."

"Wewe unajua hali ilivyo! Matajiri wa ng'ombe wamefyeka kila kitu wapande majani. Njuga hazipatikani. Yeye anajua miti iliyobaki, hata akikaa chini anamwelekeza bibi: nenda kule, geuka pale. Akirudi nyumbani, nani ataniuzia? Nikazificha hizo. Mke wangu hakujua, akamuuzia yule mpumbavu Nabor."

"Uliporudi kule La Verdosa ulimwambia nini?"

"Kwamba nimefikisha. Ilikuwa mwezi wa tano."

"Na mkewe alijibu nini, kwa jinsi ulivyomwambia?"

Tiburcio alianza kupanga kofia ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nilimwambia hakusema kitu."

Inspekta aliandika maneno hayo matatu kama yalivyosemwa, akamgeuzia daftari atie sahihi. Kisha akamkabidhi kwa sajini wa zamu, pamoja na nyumbu.

* * *

Waliondoka alfajiri ya Alhamisi, Inspekta na Eduviges, kwa gari mpaka barabara ilipokatika, kisha kwa miguu. Saa nzima ya kwanza hapakuwa na mti. Palikuwa na majani ya ng'ombe, makavu, ya kimo kimoja, na waya. Eduviges alitembea mbele. Begani alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko njuga na kopo la maziwa lenye vijiwe vyeupe. Kopo lilikuwa limejaa mpaka juu.

"Mengi sana kwa jozi moja," alisema Inspekta.

"Nilikuwa naokota kimoja kila asubuhi," alijibu bila kugeuka. "Nisiachwe na kazi siku akija."

Zaidi ya mia tatu, basi. Inspekta hakuihitaji hesabu ile kwenye jalada.

Msitu ulianza ghafla, baada ya waya wa mwisho. Kwa mgeni ungeonekana umekufa: matawi ya kijivu bila jani, miiba, mikaktasi imesimama kati yake kama nguzo za nyumba iliyoungua. Baada ya miezi minane ya ukame huwa hivyo, na ni katika uchi huo ndipo vifukofuko huonekana, vinaning'inia kwenye vijiti vya sangregado, kila kimoja kwa kikonyo chake cha hariri, vinang'aa. Inspekta alisimama kwenye mti wa kwanza, akavunja kijiti. Utomvu ulitoka kama maji. Aliupaka kwenye ukingo wa leso, na walipofika mti wa kumi leso ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Alikunja leso, akaitia kwenye bahasha.

Kila mti aliukagua. Palikuwa na makovu ya kisu mahali vifukofuko vilipokatwa, yamekauka, ya majira haya. Na kila mti ulikuwa umeachiwa vifukofuko viwili.

"Wachumaji wengine wanaachaje?" aliuliza.

"Hawaachi."

"Na yeye?"

"Viwili. Anasema mmoja atatoka dume, mmoja jike, Mungu akipenda. Namwambia, na wakitoka madume wote? Ananiambia, basi watacheza paskola." Eduviges aligusa kovu la kisu, akaondoa mkono. "Twende."

Karibu na kilele ardhi ilikuwa na unyevu. Wingu moja lilikuwa limenyesha huko juu usiku wa kuamkia jana, bila kumwambia mtu wa bondeni. Juu ya kijiti cha sangregado, chini ya ganda alilotoka, nondo jike alikuwa amejishikiza anakausha mabawa. Inspekta alimpima kwa kidole: zaidi kidogo ya nusu shubiri, ncha hadi ncha. Mabawa yalikuwa na wekundu wa udongo uliochomwa, yamekatwa na mstari mweupe uliopinda, kingo zina vumbi la waridi. Katikati ya kila bawa palikuwa na dirisha la pembe tatu lisilo na rangi yoyote. Kupitia madirisha yale manne magome ya mti yalionekana kama yalivyo. Mwili ulikuwa mnene, wenye manyoya, umejaa mayai.

"Hana mdomo," alisema Eduviges. "Ulijua? Hali chochote. Anakaa palepale anangoja, wiki moja. Dume akiipata harufu yake, vyema. Asipoipata, basi."

"Nilijua."

"Unajua kila kitu, Inspekta, wewe."

Kutoka hapo kifusi cha mgodi kilionekana, kijani, na moshi mdogo kando yake. Inspekta alisimama kwenye kijito.

"Hapa utaningoja. Taarifa niliyo nayo ni ya mtu mmoja, tena mwongo, na ni ya mwezi wa tano. Utaratibu ni kwamba nianze mimi."

"Utaratibu umechukua mwaka."

"Nusu saa, mama."

Eduviges aliketi juu ya jiwe. Alitoa njuga kwenye mfuko, akaziweka mapajani.

* * *

Bibi Remigia Cota alikuwa anakamua mbuzi na hakuinuka.

"Kama umetumwa na Tiburcio, mwambie chumvi aliyoleta ilikuwa mchanga."

"Natoka Navojoa. Polisi."

"Afadhali. Yule wa ndani hataki kula toka Jumapili. Mkamate."

Mwanamume alikuwa amekaa kwenye kivuli cha paa la makuti, mguu wa kulia umenyooshwa mbele. Ulikuwa umeungana vibaya chini ya goti. Miguuni pake palikuwa na uzi mtupu. Inspekta aliuona mwanya kati ya meno ya mbele na kovu juu ya nyusi ya kushoto, kama ilivyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada.

"Jina lako?"

"Kama umefuata njuga, hakuna. Nimeacha."

"Jina lako kamili, tafadhali."

"Anselmo Bacasegua Matuz. Wa Etchobampo." Alifikiri. "Niliyekuwa wa Etchobampo."

"Shati lako lilikuwa wapi usiku wa gharika?"

Swali lilimshangaza kuliko sare. "Shati? Nililitundika kwenye tawi, lilikuwa limelowa utomvu. Maji yakaondoka nalo. Mimi yakanisukumia shimoni. Mmekuja mpaka huku kwa ajili ya shati?"

"Mwezi wa tatu ulimpa Tiburcio Esquer njuga ampelekee mkeo."

Anselmo alitazama uzi mtupu. "Nilimpa. Alifikisha. Mke wangu hakusema kitu." Aliuzungusha uzi kwenye kidole, akauzungusha tena. "Simlaumu. Nilitoka kwenda kutazama viwavi, nikakaa miezi minane bila neno. Mwanamke akipata mume mwenye mguu kama huu, aseme nini? Nilingoja Aprili. Nilingoja Mei. Nikasema labda ni joto, atakuja mvua ikinyesha. Juzi ikanyesha."

"Bwana Bacasegua, kwenye jalada langu umekufa. Jumamosi ni mwaka wako. Ng'ombe amefungwa. Nabor Jusacamea angecheza."

"Nabor?" Mara ya kwanza uso ulisogea. "Angalau mngenitafutia mtu anayejua kucheza."

"Tiburcio hakufikisha. Alizificha. Mkeo amezipata jana asubuhi."

Midomo ya Anselmo ilisogea, na Inspekta alielewa kwamba anahesabu: Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Alihesabu mara mbili.

"Jana," alisema.

"Jana asubuhi, kabla ya saa tatu. Alizitambua kwa sikio. Saa nne nilikuwa uani kwake."

"Yuko wapi?"

"Nimemwambia angoje kijitoni nusu saa, mpaka nihakikishe..."

Inspekta hakumaliza. Alitazama saa yake. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

Kutoka chini ya kifusi, nyuma ya mikaktasi, sauti ilikuwa inapanda. Ilikuwa kama mvua ndogo juu ya majani makavu, inakuja, inanyamaza kwenye mwamba, inakuja tena, kwa hatua za mtu ambaye si kijana na ambaye anapanda mlima haraka kuliko inavyofaa. Bibi Remigia aliacha kukamua.

Inspekta alifungua daftari kwenye ukurasa wa Jumatano, akatafuta neno lile la mwisho, akalikata kwa mstari mmoja.

Anselmo Bacasegua alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho amefumba, kama afanyavyo mchezaji anaposikiliza njuga za mwenzake.

"Ya mwisho hailii," alisema. "Hajaipasua."